Nakala, Uhalisi na Uhuru wa Mkono: Historia ya Kunakili katika Sanaa ya China

Katika mijadala kuhusu sanaa ya China ya leo, tuhuma mbili hutolewa kwa pamoja: kwamba wasanii wa nchi hiyo wamezoea kunakili, na kwamba hawana uhuru wa kusema wanachotaka. Tuhuma hizo huunganishwa upesi, kana kwamba ya kwanza ni zao la ya pili, na kana kwamba jamii isiyovumilia upinzani lazima izae watu wasioweza kubuni. Historia inapingana na muunganisho huo. Wachoraji wa China walinakili kwa hiari na kwa fahari zaidi ya miaka elfu moja kabla Chama cha Kikomunisti hakijaundwa, na tangu mwaka 1979 baadhi ya matendo ya kijasiri zaidi ya kudai uhuru nchini humo yamefanywa kwa kutumia nakala. Makala haya yanafuatilia historia hiyo kutoka katika nadharia za kale hadi katika kesi za hakimiliki na sanamu zilizovunjwa, na yanatetea hoja moja: kwamba uhalisi wa kazi ya sanaa nchini China haujaamuliwa na swali la iwapo kazi hiyo ni ya kwanza au ya pili, ila na swali la nani mwenye mamlaka juu ya mkono ulioifanya.

Kunakili kama njia ya kurithi

Xie He, mhakiki aliyeishi mwishoni mwa karne ya 5 na mwanzoni mwa karne ya 6, aliorodhesha kanuni sita za kupimia kazi ya mchoraji, na orodha yake ikawa msingi wa nadharia ya uchoraji wa China. Kanuni ya kwanza ilihusu uhai unaopaswa kupumua ndani ya picha, na ya sita ilihusu kurithisha kwa kunakili, yaani wajibu wa mchoraji kuzihamisha kazi za waliomtangulia kwa mkono wake mwenyewe ili zisipotee na ili naye ajifunze. Karne zilizofuata zilizaa istilahi za kutenganisha daraja za kazi hiyo. *Mo* ni kufuatisha mistari kwa kutandika karatasi nyembamba au hariri juu ya kazi ya awali. *Lin* ni kunakili kwa jicho, kazi ya awali ikiwa imewekwa kando. Na *fang* ni kuchora picha mpya kwa mtindo wa bingwa wa zamani bila kulazimika kufuata picha yake yoyote mahususi. Mwanafunzi alipanda daraja hizo moja baada ya nyingine, na aliyefika juu alitarajiwa kuzungumza kwa lugha ya mabingwa huku akiwa na neno lake mwenyewe la kusema.

Hati inayoheshimiwa kuliko zote katika kaligrafia, yaani sanaa ya mwandiko wa brashi, inaonyesha jinsi mtazamo huo ulivyokwenda mbali. Mwaka 353 Wang Xizhi aliwaalika marafiki zake mahali paitwapo Lanting, karibu na mji wa Shaoxing, na akaandika dibaji ya mashairi waliyotunga siku hiyo, yenye herufi 324. Kwa mujibu wa mapokeo, mfalme Taizong wa nasaba ya Tang, aliyefariki mwaka 649, aliipenda dibaji hiyo kiasi cha kuagiza azikwe nayo, baada ya kuwaamuru mabingwa wa ikulu wainakili. Hati ya mkono wa Wang mwenyewe haijaonekana tena tangu hapo, na kila kinachojulikana kuihusu kinatokana na nakala, mojawapo ikiwa ile inayonasibishwa na Feng Chengsu na kutunzwa katika Makumbusho ya Kasri la Kifalme mjini Beijing. Wanakili walikuwa waangalifu kiasi cha kuhifadhi hata mahali ambapo Wang alifuta neno na kuandika jingine juu yake, na hata namna alivyoiandika herufi *zhi* mara ishirini kwa maumbo tofauti. Kwa zaidi ya miaka 1,300, basi, kipimo cha juu cha sanaa ya mwandiko kimekuwa kazi isiyokuwapo, inayoishi kwa uaminifu wa mikono ya watu wengine, na wasomi wa zamani kwa jumla hawakuona kwamba jambo hilo linaipunguzia hadhi.

Mapokeo hayo hayakufuta tofauti kati ya nakala na udanganyifu. Wakusanyaji waligonga mihuri yao kwenye picha na kuandika maoni pembeni, na mihuri hiyo iliwasaidia waliokuja baadaye kujua picha ilipita kwa nani na iliaminiwa na nani, kwa sababu bandia zilikuwa nyingi na kila mnunuzi alizihofia. Zhang Daqian, aliyeishi kati ya 1899 na 1983, alikaa pande zote mbili za mstari huo. Kuanzia mwaka 1941 hadi 1943 alikaa Dunhuang, kwenye mapango ya Wabuddha yaliyo pembezoni mwa jangwa, akinakili zaidi ya michoro 200 ya ukutani, na kazi hiyo iliwafumbua Wachina wengi macho kuhusu hazina waliyokuwa wameisahau. Mchoraji huyohuyo alitengeneza picha za kughushi kwa ustadi mkubwa, na Makumbusho ya Sanaa ya Boston yaliinunua mojawapo mwaka 1957 yakidhani ni ya karne ya 10. Mkono ulikuwa uleule na mbinu zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni ukweli wa maelezo yaliyoambatana na kazi. Huko Dunhuang alisema wazi anachonakili na kwa nini, ilhali kwa wanunuzi wake alificha.

Mkono ulioamriwa

Mei 1942, huko Yan'an katika jimbo la Shaanxi, Mao Zedong alitoa mihadhara iliyoweka msimamo wa Chama kuhusu sanaa: sanaa iwatumikie wafanyakazi, wakulima na askari, na thamani yake ya kisiasa itangulie thamani yake ya kisanii. Baada ya mwaka 1949 msimamo huo ukawa sera ya taifa zima, na lugha yake ya picha ikaletwa kutoka Umoja wa Kisovieti. Kati ya 1955 na 1957 mchoraji wa Kisovieti Konstantin Maksimov alifundisha katika Chuo Kikuu cha Sanaa Nzuri mjini Beijing, akisomesha uhalisia wa kijamaa, yaani mtindo wa rangi za mafuta unaoonyesha watu na matukio kwa sura inayofanana na maisha lakini kwa nia ya kuitukuza jamii inayojengwa. Kunakili sasa kulikuwa na bingwa mmoja tu anayeruhusiwa, na aliyemchagua bingwa huyo alikuwa dola.

Historia ya mchoro mmoja inaeleza matokeo ya hali hiyo kuliko maelezo yoyote ya jumla. Mwaka 1953 Dong Xiwen alikamilisha picha kubwa ya rangi za mafuta inayomwonyesha Mao akitangaza kuzaliwa kwa Jamhuri ya Watu tarehe 1 Oktoba 1949, viongozi wenzake wakiwa wamejipanga nyuma yake juu ya Lango la Tiananmen. Picha hiyo ilisifiwa, ikachapishwa kwa wingi na kutundikwa majumbani na mashuleni. Mwaka uliofuata Gao Gang, mmoja wa viongozi waliomo, aliangushwa kisiasa, na Dong akalazimika kumfuta na kuziba nafasi yake kwa maua. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza ikawa zamu ya Liu Shaoqi, aliyekuwa rais wa nchi, na Dong akachora mtu mwingine mahali pake. Mwaka 1972 ikaamuliwa kwamba Lin Boqu, kiongozi mwingine aliyemo, naye aondoke, miaka 12 baada ya kufariki kwake. Safari hii Dong alikuwa mgonjwa mahututi wa saratani, na kwa kuwa wenye dhamana hawakutaka turubai lake liguswe zaidi, wachoraji Jin Shangyi na Zhao Yu walipewa kazi ya kutengeneza nakala kamili yenye badiliko hilo. Dong alifariki mwaka 1973. Upepo wa siasa ulipogeuka mwishoni mwa miaka ya 1970, waliofutwa walirudishwa mahali pao, na kazi ya kuwarudisha ilifanywa na wachoraji wengine juu ya ile nakala.

Kwa hiyo Makumbusho ya Taifa ya China yanamiliki michoro miwili. Wa kwanza ulifanywa na mkono wa Dong Xiwen mwenyewe, lakini unabeba mabadiliko aliyolazimishwa. Wa pili ulifanywa na mikono ya wengine, lakini sura zilizomo zinakaribia zaidi kile alichokichora awali. Mtu anayeshikilia kwamba uhalisi ni jambo la mkono wa mwenyewe atauchagua wa kwanza, na hapo atakuwa amechagua uongo uliotiwa sahihi na mwenye kazi. Anayeshikilia kwamba uhalisi ni jambo la sura ya awali atauchagua wa pili, na atakuwa amechagua kazi ambayo Dong hakuwahi kuigusa. Vipimo vya kawaida vinashindwa mbele ya michoro hii kwa sababu vyote vinachukulia kwamba msanii alikuwa huru alipoishika brashi.

Katika kipindi hichohicho nakala ziliongezeka kwa wingi usiowahi kutokea. Picha ya Liu Chunhua ya mwaka 1967, inayomwonyesha Mao kijana akielekea kwenye migodi ya Anyuan, inakadiriwa kuchapishwa mara milioni 900. Kazi nyingine iliyoenezwa kwa nakala ni Ua wa Kukusanyia Kodi, kundi la sanamu 114 za udongo zenye kimo cha binadamu, lililofinyangwa mwaka 1965 katika wilaya ya Dayi, mkoani Sichuan, ndani ya jumba la aliyekuwa kabaila Liu Wencai. Walimu na wanafunzi wa chuo cha sanaa cha Sichuan, wakishirikiana na mafundi wa kienyeji, waliwafinyanga wakulima wanaobeba magunia na kuburuta mikokoteni kwenda kulipa kodi ya mashamba. Hakuna aliyetia sahihi, kwa kuwa kazi ilihesabiwa kuwa ya umma, na nakala zake zilitengenezwa kwa maonyesho ya Beijing na kwingineko bila mtu kuuliza ni mali ya nani. Swali hilo lingeibuka miaka 35 baadaye, katika dunia tofauti kabisa.

Kuosha, kubuni na kupiga chapa

Tarehe 27 Septemba 1979 kundi la wasanii vijana walio nje ya taasisi rasmi, lililojiita Nyota, lilitundika kazi zake kwenye uzio wa chuma kando ya Jumba la Sanaa la China mjini Beijing, baada ya kunyimwa nafasi ndani. Miongoni mwao walikuwamo Huang Rui, Ma Desheng, Wang Keping na Ai Weiwei. Polisi waliyaondoa maonyesho hayo siku ya tatu, na tarehe 1 Oktoba, sikukuu ya miaka 30 ya Jamhuri, wasanii hao waliandamana mitaani wakidai demokrasia katika siasa na uhuru katika sanaa. Wakosoaji waliwashutumu kwamba wanaiga Ulaya, na shutuma hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, kwa kuwa Nyota wenyewe walimtaja Mjerumani Käthe Kollwitz na Picasso kama viongozi wao. Ila ni lazima kuuliza kuiga huko kulikuwa na maana gani mahali ambapo, kwa miaka 30, bingwa wa kuigwa alichaguliwa na serikali. Kujichagulia mwalimu kulikuwa tayari tendo la kisiasa, na lilieleweka hivyo na polisi na wasanii kwa pamoja.

Katika miaka ya 1980 vitabu vya tafsiri na picha za sanaa ya nje viliingia kwa wingi, na makundi ya vijana yakachipuka katika miji mingi kwa jina la Wimbi Jipya la 1985. Huang Yong Ping, kiongozi wa kundi la Xiamen katika mkoa wa Fujian, aliitazama kwa mashaka haja ya kuchagua kati ya mapokeo ya China na ya Magharibi. Mwaka 1987 alichukua kitabu cha historia ya uchoraji wa China na kingine cha historia fupi ya uchoraji wa kisasa kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, akavitia katika mashine ya kufulia kwa dakika mbili, na rojo la karatasi lililobaki akaliweka juu ya kipande cha kioo kwenye sanduku la mbao. Hakuna aliyeweza tena kutenga cha kwao na cha kuigwa.

Xu Bing alifika kwenye suala hilohilo kwa njia ya subira. Tangu mwaka 1987 alichonga vipande vya mbao vya herufi zipatazo 4,000, kila moja ikiwa na mistari na uwiano wa herufi halali ya Kichina, na hakuna hata moja iliyo na maana wala sauti. Kwa herufi hizo alichapa vitabu vilivyoshonwa kwa namna ya matoleo ya kale na karatasi ndefu zilizoning'inizwa kutoka darini, na kazi hiyo, *Kitabu kutoka Mbinguni*, ikaonyeshwa Beijing mwaka 1988. Wasomaji waliozoea kuheshimu maandishi walijikuta mbele ya umbo kamilifu la mamlaka lisilosema chochote, katika nchi iliyokuwa imejaa kauli mbiu kwa miaka mingi. Mwaka 1990, baada ya hali ya kisiasa kubana, Xu Bing alikwenda na wasaidizi kwenye Ukuta Mkuu huko Jinshanling na kutumia mbinu ya kale ya kunakili maandishi ya mawe: karatasi hulowanishwa na kubandikwa juu ya jiwe, hupigwapigwa taratibu mpaka izame katika kila ufa, kisha hupakwa wino ili sehemu zilizoinuka zitoke nyeusi na zilizobonyea zibaki nyeupe. Matokeo yalikuwa ngozi ya karatasi ya kipande kizima cha ukuta, nakala ya uwiano wa moja kwa moja ya alama ambayo taifa huitumia kujieleza nguvu zake, na ilipotandazwa ilionekana kama sanda.

Qiu Zhijie, kijana wa kizazi kilichofuata, aliirudia Dibaji ya Lanting kati ya 1990 na 1995, akiiandika mara elfu moja juu ya karatasi ileile. Baada ya marudio hamsini hivi herufi zilikuwa hazisomeki, na tangu hapo alikuwa akiandika wino juu ya wino, mkono ukifuata njia ambayo jicho haliioni tena. Kazi hiyo inatimiza kwa ukamilifu agizo la Xie He la kurithisha kwa kunakili na wakati huohuo inaonyesha urithi unavyoweza kumeza kila kitu. Kinachoipa nguvu ni kwamba hakuna aliyemwamuru. Angeweza kuacha siku yoyote.

Sanamu ya siku tano

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Mei 1989, katikati ya maandamano ya kudai demokrasia mjini Beijing, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sanaa Nzuri walisafirisha vipande vya sanamu kwa mikokoteni ya baiskeli za magurudumu matatu hadi Uwanja wa Tiananmen na kuviunganisha kwa plasta ndani ya jukwaa la mabomba. Sanamu hiyo, iliyoitwa Mungu wa Kike wa Demokrasia, ilikuwa na urefu wa takriban mita 10, umbile la chuma na mwili wa povu gumu la plastiki. Kwa kuwa walikuwa na siku chache tu, wanafunzi waliitengeneza kutokana na zoezi la darasani lililokuwapo, umbo la mwanamume aliyeshika fimbo kwa mikono miwili. Waliikata sehemu ya chini ya fimbo, wakageuza ya juu kuwa mwenge, na mwili wakaubadilisha kuwa wa mwanamke. Mtindo wake ulikuwa wa uhalisia wa kijamaa waliofundishwa na dola yenyewe, na mwenge ulikumbusha Sanamu ya Uhuru ya New York, ingawa wanafunzi hawakutaka kuinakili sanamu ya Marekani moja kwa moja. Iliwekwa ikitazamana na picha ya Mao iliyo juu ya lango, na alfajiri ya tarehe 4 Juni ikaangushwa na kifaru cha jeshi lililokuja kuyazima maandamano hayo.

Kwa kipimo cha makumbusho, kazi hiyo haipo. Kilichopo ni nakala: ya shaba iliyosimikwa San Francisco mwaka 1994, nyingine katika miji mbalimbali ya dunia, na ile iliyowekwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong. Nakala hiyo ya Hong Kong iliondolewa tarehe 24 Desemba 2021, mwaka mmoja na nusu baada ya Sheria ya Usalama wa Taifa kuanza kutumika katika mji huo, na siku moja au mbili baada ya chuo kikuu kingine cha mji huo kuiondoa Nguzo ya Aibu, sanamu ya mita nane ya Mdenmaki Jens Galschiøt inayowakumbuka waliouawa mwaka 1989. Galschiøt alijibu kwa kumruhusu mtu yeyote kuinakili kazi yake. Mwenendo wa pande zote mbili unafundisha jambo. Mamlaka hayakutulizwa na hoja kwamba kilichosimama chuoni kilikuwa nakala tu, na msanii hakuona kwamba wingi wa nakala ungeipunguzia kazi yake heshima. Wote walikubaliana kwa vitendo kwamba uzito wa kazi ulikuwa umehamia katika nakala, kama uzito wa Dibaji ya Lanting ulivyohama karne 13 zilizopita.

Soko, mahakama na chuo cha Sichuan

Mwaka huohuo wa 1989 mfanyabiashara Huang Jiang alihamia kutoka Hong Kong kwenda Dafen, kijiji kilicho ukingoni mwa Shenzhen, akaanza kuwalipa wachoraji vijana wanakili picha za rangi za mafuta kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo. Dafen ilikua ikawa na maelfu ya wachoraji, na alizeti za Van Gogh zikatoka humo kwa makontena. Watu wa nje waliisema kama kiwanda kisicho na roho, lakini mtafiti Winnie Wong, katika kitabu chake cha mwaka 2013, alionyesha kwamba wengi wa wachoraji hao hufanya picha nzima kwa mikono yao, hujipangia kazi, na hujiona wachoraji kwa maana kamili. Umaskini wao wa uhuru uko katika bei na agizo la mteja. Jambo hilo linastahili kukumbukwa pale soko la juu linapotazamwa, kwa kuwa hata huko agizo la mteja lilikuwapo. Pop ya Kisiasa, mtindo uliochukua wafanyakazi na askari wa mabango ya Mapinduzi ya Utamaduni na kuwasimamisha kando ya nembo za bidhaa, kama alivyofanya Wang Guangyi kwa Coca-Cola, ulianza mwaka 1990 kama uhakiki mkali wa propaganda za aina mbili. Wanunuzi wa kigeni walipoupenda, baadhi ya wachoraji waliendelea kurudia sura zilezile kwa miaka, wakijinakili wenyewe, na dalili za upinzani zikawa muhuri wa uhalisi uliotakiwa na soko la London na New York. Amri ya mnunuzi haina polisi, lakini nayo huuelekeza mkono.

Sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1990, na muda si mrefu ikajaribiwa. Mwaka 1993 picha ya Mao iliyobeba jina la mchoraji Wu Guanzhong iliuzwa mnadani Hong Kong, ingawa Wu mwenyewe, akiwa hai, alisema wazi kwamba hakuichora. Alishtaki na akashinda katika mahakama za Shanghai, baada ya miaka ya kulumbana iliyomkosesha muda wa kuchora. Kesi yake ilithibitisha haki ndogo lakini muhimu: haki ya mtu kukana maneno aliyowekewa kinywani. Katika nchi ambako picha ya Mao iliwahi kumpandisha au kumwangamiza mchoraji, haki hiyo ilikuwa ya kisiasa kama ilivyokuwa ya kibiashara. Mwaka 2015 mahakama ya Guangzhou ilisikia kesi nyingine, ya mkuu wa maktaba ya chuo cha sanaa aliyekiri kuiba zaidi ya picha 140 na kuacha bandia za mkono wake mahali pake, kisha akadai kwamba baadhi ya bandia zake nazo ziliibwa na kubadilishwa kwa bandia nyingine. Huo ni wizi mtupu, na mapokeo ya kunakili hayawezi kuuhalalisha, kwa kuwa ulitegemea mtazamaji kutojua.

Ua wa Kukusanyia Kodi ulirudi katika mazingira hayo. Mwaka 1999 Cai Guo-Qiang, mzaliwa wa Quanzhou aliyekuwa akiishi New York, aliwapeleka wachongaji wa Kichina kwenye Maonyesho ya Venice, akiwamo Long Xuli aliyeshiriki katika kazi ya mwaka 1965, wakazifinyanga upya sanamu zile mbele ya watazamaji. Udongo haukuchomwa, na mtu alipopita aliona baadhi ya sanamu zikiwa zimekamilika, nyingine zikiwa fremu za mbao na waya, na nyingine zikianza kupasuka na kuanguka. Cai alitunukiwa Simba wa Dhahabu, na mwaka 2000 chuo cha sanaa cha Sichuan kikatangaza kwamba kitamshtaki kwa kukiuka hakimiliki. Tangazo hilo halikuzaa hukumu, lakini lilifichua mkanganyiko wa kweli: kazi iliyofanywa kwa jina la umma dhidi ya umiliki binafsi ilikuwa sasa ikidaiwa kuwa mali, na waliodai walikuwa taasisi, ilhali mmoja wa mafundi wa awali alikuwa Venice akiirudia kwa hiari yake. Kwa kuiacha ibomoke, Cai aliondoa kile kilichoifanya chombo cha dola, yaani uthabiti wa ujumbe wake, na akabakiza kazi ya mikono iliyofichwa nyuma ya ujumbe huo.

Bandia kama ushahidi

Ai Weiwei ndiye aliyeyaunganisha masuala haya kwa ukali zaidi. Mwaka 1995 alipigwa picha tatu akiudondosha chini mtungi wa enzi ya Han, na kwa miaka mingi studio yake ilitumia jina la Kiingereza lenye maana ya bandia. Mwaka 2010 alitengeneza nakala zilizokuzwa za vichwa 12 vya wanyama wa falaki vilivyopamba chemchemi ya bustani ya kifalme ya Yuanmingyuan, iliyoporwa na majeshi ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1860. Vichwa hivyo vilikuwa vimegeuka alama ya uzalendo, ingawa aliyevisanifu alikuwa Mjesuti wa Italia, Giuseppe Castiglione, na ni saba tu vilivyojulikana kuwapo. Vitano vilivyobaki Ai alivibuni. Hazina ya taifa, kwa namna hiyo, ilijidhihirisha kuwa mseto tangu mwanzo.

Aprili 2011 alikamatwa na kushikiliwa kwa siku 81 bila mashtaka, na kampuni ya studio yake ikatozwa yuani milioni 15 kwa madai ya kukwepa kodi, hatua ambayo wafuasi wake waliiona kuwa adhabu kwa uchunguzi alioufanya kuhusu watoto waliofukiwa na shule dhaifu katika tetemeko la Sichuan la mwaka 2008. Hakuruhusiwa kamera wala karatasi kizuizini. Mwaka 2013 alionyesha Venice masanduku sita ya chuma yenye matundu ya kuchungulia, na ndani yake sanamu ndogo kuliko umbo halisi zilizorudia chumba alimofungiwa: kuta zilizofunikwa kwa sponji, meza, kitanda, choo, na askari wawili waliosimama karibu naye alipokula, alipolala na alipooga. Kila kitu kilitoka kwenye kumbukumbu. Nakala hapo ilifanya kazi ya hati ya mashtaka, na uhalisi wake ulitokana na usahihi wa kunakili.

Kesi hizi zinapotazamwa kwa pamoja, mgawanyo unaofaa kwa sanaa ya China hauwi kati ya asili na nakala. Unapita mahali pengine: kati ya nakala inayojitangaza na ile inayojificha, na kati ya mkono uliochagua kielelezo chake na ule uliochaguliwa. Udhibiti wa kisiasa hauui uwezo wa kubuni, kama Xu Bing na wenzake walivyothibitisha. Huharibu kitu kingine, uwezo wa jamii kuamini kwamba kilichomo ndani ya picha kiliwekwa na aliyeichora. Ndiyo maana haki ya kunakili, haki ya kukana na haki ya kuacha ni sehemu ya uhuru wa sanaa sawa na haki ya kubuni. Makumbusho ya Taifa mjini Beijing yana nafasi ya kulikiri hilo bila kununua chochote: michoro miwili ya tangazo la mwaka 1949 ingeweza kutundikwa ukuta mmoja, kila sura iliyofutwa ikitajwa jina, na kila badiliko likiandikiwa mwaka wake na aliyeliamuru. Dong Xiwen anastahili maelezo hayo, na Wachina waliokua wakiitazama picha hiyo madarasani wanayastahili zaidi.